Misingi ya taifa kama kipimo cha kura: maswali yenu, majibu yetu

Barua nyingi za msimu huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Kila mgombea anataja katiba, waasisi na misingi ya taifa, lakini mpiga kura akibaki peke yake na karatasi ya kura haoni maneno hayo yanamsaidia vipi kuchagua. Tumejibu yale maswali yaliyojirudia zaidi. Hatumpigii debe mtu wala chama; tunaeleza njia ambayo raia wa nchi yoyote anaweza kuifuata.

Wahariri, salaam. Nitapiga kura kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nimefungua katiba ili nijue misingi ya taifa, nikasoma kurasa chache nikachoka. Hiyo misingi imeandikwa wapi hasa?

Usiisome katiba kama hadithi, mwanzo hadi mwisho. Nenda moja kwa moja sehemu nne: utangulizi, ibara za mwanzo, sura ya haki za raia, na sura inayoeleza jinsi katiba yenyewe inavyobadilishwa. Ukitulia, jioni mbili zinatosha.

Utangulizi ndio unaotaja shabaha. Wa Tanzania unasema wananchi wameamua kujenga jamii inayozingatia uhuru, haki, udugu na amani. Wa India unataja haki, uhuru, usawa na udugu. Ibara za mwanzo huyashusha maneno hayo karibu zaidi na kazi: Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaorodhesha maadili ya taifa, yakiwemo utawala wa sheria, ushiriki wa wananchi, uadilifu, uwazi na uwajibikaji, Ibara ya 1 ya Sheria ya Msingi ya Ujerumani ya mwaka 1949 inaanza na utu wa binadamu kabla ya kutaja jambo lingine lolote.

Sura ya mabadiliko wengi huiruka, na hapo wanapoteza. Ndiyo inayoonyesha walioandika katiba waliogopa nini kuguswa. Afrika Kusini inadai asilimia 75 ya kura za Bunge la Taifa, pamoja na majimbo sita kati ya tisa katika baraza la majimbo, ili kubadilisha kifungu cha 1 kinachobeba misingi ya kuundwa kwake. Vifungu vingi vingine vinahitaji theluthi mbili. Ujerumani imeweka kufuli kabisa kwenye Ibara ya 79: yale yaliyomo katika Ibara ya 1 na ya 20 hayabadilishwi hata bunge zima likitaka. Jambo lililowekewa ulinzi mkali namna hiyo, liweke juu kwenye orodha yako.

Utakutana pia na sehemu ambayo katiba yenyewe inasema haiwezi kudaiwa mahakamani. Ibara ya 7 ya Katiba ya Tanzania inasema hivyo kuhusu malengo muhimu ya taifa, ambayo yanajumuisha kutokomeza rushwa, uonevu na upendeleo. Ibara ya 37 ya Katiba ya India inasema hivyo kuhusu misingi ya kuongoza sera za serikali. Wapo wanaosoma hapo wakahitimisha kuwa ni mapambo. Sisi tunaisoma kinyume kabisa. Kama jaji hawezi kumwajibisha kiongozi kwa msingi huo, aliyebaki kumwajibisha ni mpiga kura. Misingi isiyo na mahakama ndiyo inayostahili nafasi ya kwanza katika kura yako.

Je, kama nchi haina katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja?

Uingereza iko hivyo, na raia wake hawakosi kipimo. Misingi yao imetawanyika: Magna Carta ya mwaka 1215, Hati ya Haki ya mwaka 1689, sheria za bunge, hukumu za mahakama na desturi za kiserikali. Ugumu unaobaki ni kwamba desturi huvunjwa kimyakimya. Mpiga kura wa nchi ya aina hiyo afuatilie kwa karibu pale kiongozi anaposema, "Hakuna sheria inayonikataza."

Nimesoma, nimeelewa: utu, usawa, uwazi. Wagombea wote watano katika jimbo langu wanayasema maneno hayohayo. Nitawatofautishaje?

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake ni refu.

Msingi ukibaki neno tupu haumpimi mtu. Lazima uugeuze kuwa swali ambalo jibu lake limeandikwa mahali. Mfano mzuri wa ufundi huo ni Azimio la Arusha la Tanzania la mwaka 1967. Lilizungumzia usawa na heshima ya binadamu kwa upana, kisha likashuka hadi kwenye miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Unaweza kukubaliana na miiko ile au kuipinga, na yenyewe ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Tunachokutaka uone ni jinsi ilivyopimika. "Kiongozi awe mnyenyekevu" ni jambo la kubishania hadi usiku wa manane. "Kiongozi asipangishe nyumba" lina jibu: anapangisha, au hapangishi.

Chukua karatasi moja. Andika misingi mitatu unayoona ina uzito mkubwa zaidi kwa wakati huu, isizidi mitano. Ukiandika kumi hutamaliza utafiti, utaishia kukisia. Chini ya kila msingi andika swali moja lenye sifa tatu: lijibike kwa ndiyo au hapana, ushahidi wake uwe kitu ambacho mtu mwingine pia anaweza kukiona, na lihusu kazi ya nafasi inayogombewa. Kwa mfano:

Utawala wa sheria: Je, amewahi kukaidi amri ya mahakama, au kutetea hadharani ukaidi wa aina hiyo?

Wananchi ni chanzo cha mamlaka: Je, amewahi kupiga kura ya kurefusha muda wa kukaa madarakani, wake au wa mwenzake, bila kurudi kwa wananchi?

Uwazi: Je, zabuni zilizotolewa chini ya uongozi wake zilitangazwa, na mshindi na kiasi vikachapishwa?

Usawa: Je, ameunga mkono kanuni au sheria inayowapa baadhi ya raia haki pungufu kwa sababu ya kabila, dini au jinsia?

Maswali yaandikwe kabla hujaangalia orodha ya wagombea. Anayeanza na mgombea kisha akatafuta msingi, kila mara ataupata ule unaomfaa mtu wake. Na ukishayaandika, wa kwanza kupimwa awe yule unayempenda. Ukimwacha wa mwisho utakuwa umeshachoka, na utamsamehe yale uliyowahukumu nayo wengine.

Sasa ushahidi, kwa mpangilio wa uzito. Kinachotangulia ni kura na saini zake: miswada aliyoiunga mkono, mikataba aliyotia saini, amri alizotoa. Kinafuata matumizi ya fedha zilizopita mikononi mwake kama yalivyokaguliwa. Kisha hukumu za mahakama zinazomhusu. Halafu maneno aliyoyasema kabla ya kampeni. Ahadi za kampeni zinakuja mwisho, kwa sababu ndizo pekee ambazo hazijamgharimu chochote.

Kuna mitego miwili katika ushahidi huo. Mabunge mengi hupitisha miswada kwa kura ya sauti, wabunge wakiitikia ndiyo au hapana kwa pamoja, hivyo jina la mtu mmojammoja haliandikwi. Hapo tafuta mchango wake katika kumbukumbu rasmi za bunge: alisimama akasema nini, na je, alidai kura ihesabiwe kwa majina? Mtego wa pili uko kwenye ripoti za ukaguzi. Ripoti hutoka miezi mingi baada ya mwaka wa fedha kufungwa, hivyo linganisha mwaka uliokaguliwa na tarehe aliyoingia ofisini. Usimbebeshe madeni ya mtangulizi wake. Soma pia hoja yenyewe ya mkaguzi. Risiti zilizokosekana ni udhaifu. Malipo kwa kazi ambayo haikufanyika ni jambo lingine kabisa. Vichwa vya habari huvichanganya.

Mgombea mpya asiyewahi kushika ofisi ya umma naye ana historia. Huenda aliongoza chama cha ushirika, kamati ya shule, chama cha wafanyakazi au kampuni. Uliza mambo mawili tu: je, alisoma mapato na matumizi mbele ya wanachama, na je, muda wake ulipokwisha aliondoka?

Mbele ya kila swali andika moja kati ya haya: ametimiza, amevunja, hakuna ushahidi. Usitoe alama na usijumlishe. Ukijumlisha, mtu aliyekaidi mahakama anaweza kufidia kosa hilo kwa mambo mepesi kama kuhudhuria vikao na kujibu barua, na jumla yake ikapendeza. Badala yake, kabla hujaanza, wekea alama msingi mmoja au miwili ambayo aliyeivunja hapati kura yako, hata awe hodari namna gani kwenye mengine. Anayebaki na "hakuna ushahidi" tele usimhesabie kuwa amefaulu. Tafuta mkutano wake, umuulize lile swali lenyewe.

Ilani za vyama zinafaa kuwa ushahidi?

Zinafaa kwa kiasi, ukizisoma sentensi kwa sentensi. Chukua hii: "Tutahakikisha uwajibikaji unaimarishwa katika ngazi zote." Haina mtendaji, haina tarehe, haina kiasi. Miaka mitano ikipita huwezi kusema imetimizwa au haikutimizwa. Linganisha na hii: "Ndani ya siku 90 tutachapisha mikataba yote ya madini, ikiwemo iliyosainiwa kabla yetu." Hii unaweza kuidai siku ya 91.

Pita kwenye ilani na kalamu. Pigia mstari kila sentensi yenye mtendaji, tendo na muda, halafu utafute kama ipo hata moja inayogusa misingi yako mitatu. Mara nyingi utakuta barabara na visima vina tarehe, huku uwazi na uhuru wa mahakama vikiwa na vitenzi vya "kuimarisha" na "kuboresha" pekee. Hiyo peke yake ni taarifa. Kumbuka pia kuwa ilani ni ya chama. Mpime mgombea kwa alichofanya chama chake kilipokwenda kinyume na ilani: alinyamaza, alipinga, au alitetea?

Mimi naamini kodi iwe ndogo na serikali isiingilie biashara. Kwangu huo ndio msingi wa taifa. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya kupigia kura imani hiyo, ila itambue kuwa ni sera. Njia ya kutofautisha ni hii: je, watu wawili wanaoheshimu katiba ileile kwa dhati wanaweza kutofautiana juu ya jambo hilo bila mmoja wao kuwa mvunjaji wa katiba? Kiwango cha kodi, ndiyo, wanaweza. Kodi kutozwa bila sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa wananchi, hapana. Hilo ni suala la msingi, na ndilo makoloni ya Marekani yaliyolalamikia katika Tamko la Uhuru la 4 Julai 1776: kutozwa kodi bila ridhaa yao.

Faida ya kutenganisha ni kwamba unapima kwa hatua mbili. Misingi inakuambia nani apite mlangoni. Sera inakusaidia kuchagua kati ya waliopita. Ukizigeuza, utajikuta unamchagua mtu wa kodi ndogo anayefunga magazeti, ukidhani umetetea katiba.

Siku ya uchaguzi tunapewa karatasi kadhaa, kuanzia diwani hadi rais. Nitumie maswali yaleyale kwa wote?

Hapana. Msingi unaweza kuwa uleule, lakini swali hubadilika kufuata mamlaka ya nafasi. Kenya mpiga kura hujaza karatasi sita kwa siku moja. Jedwali la Nne la katiba yao linagawa kazi: vituo vya afya vya kaunti na elimu ya chekechea viko kwa serikali ya kaunti, polisi wako kwa serikali ya taifa. Kumpima mwakilishi wa wadi kwa mwenendo wa polisi ni kumuonea. Kumpima kwa namna alivyokagua bajeti ya kaunti ni haki yake na yako.

Marekani, rais huteua majaji wa mahakama za shirikisho lakini Baraza la Seneti ndilo linalowathibitisha. Basi swali la uhuru wa mahakama linamhusu mgombea useneta sawasawa na mgombea urais, na wapiga kura wengi humuuliza rais peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika maswali, tafuta ibara inayoeleza mamlaka ya kila nafasi na unakili vitenzi vyake: hutunga, huidhinisha, hukagua, huteua. Swali lako lizaliwe kwenye vitenzi hivyo. Mgombea akikuahidi jambo ambalo ofisi yake haina mamlaka nalo, ama haijui kazi anayoiomba, ama anajua kuwa wewe huijui.

Ndugu wahariri, mnazungumza kuhusu waasisi kana kwamba walikuwa malaika. Waliosema watu wote ni sawa walimiliki watumwa. Waliotuletea uhuru waliweka watu kizuizini. Kwa nini nifuate misingi ya watu wa namna hiyo?

Pingamizi lako ni la haki na ukweli wake hatuukwepi. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tamko la 1776, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Katiba ya Marekani iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 iliwahesabu watumwa kwa tatu ya tano katika kugawa viti vya wawakilishi. Ufaransa ilitangaza Haki za Binadamu na Raia mwaka 1789, na wanawake wake wakasubiri hadi 1944 kupewa haki ya kupiga kura. Afrika nako: Ghana ilipata uhuru 1957 na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 na 1962 ikafanya vivyo hivyo.

Lakini angalia walichofanya waliodhulumiwa. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, alisimama Rochester, Marekani, tarehe 5 Julai 1852 akalitumia Tamko lile lile kuishtaki nchi iliyolitangaza. Wanawake waliokutana Seneca Falls mwaka 1848 waliandika tamko lao kwa kufuata muundo wa lile la 1776, wakaongeza kuwa wanaume na wanawake wote wameumbwa sawa. Hawakuutupa msingi kwa sababu waliouandika waliuvunja. Waliushika wakawabana nao. Utumwa ulipigwa marufuku kwa mabadiliko ya 13 ya katiba mwaka 1865, na wanawake wakapata kura kwa mabadiliko ya 19 mwaka 1920.

Kwa mpiga kura hili lina matumizi ya moja kwa moja. Pima kwa maandishi ya msingi pamoja na marekebisho yaliyoyapanua. Maisha ya waasisi si kipimo. Mgombea anayesema "turudi kwa waasisi" muulize: turudi mwaka gani, na katika mwaka huo nani hakuwa na kura? Na mgombea anayekataa msingi mzima kwa sababu ya dhambi za waasisi, muulize ataweka nini mahali pake, na nani atakuwa na uwezo wa kumzuia yeye akikivunja.

Misingi miwili ikigongana nifanyeje? Kwetu mgombea mmoja anasema usalama kwanza, mwingine uhuru kwanza. Yote miwili imo kwenye katiba.

Usichague neno, chunguza kile anachotaka kufanya. Kifungu cha 36 cha Katiba ya Afrika Kusini na Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya zimeeleza jinsi haki inavyoweza kuwekewa mipaka, na maelezo yao yanafaa popote. Yageuze kuwa maswali kwa mgombea:

Je, hatua hiyo itawekwa kwa sheria, au kwa tamko la mtu mmoja? Lengo lake ni zito kiasi gani? Je, hatua yenyewe inafikisha kwenye lengo, au inaumiza tu? Ipo njia nyingine inayofikisha hapohapo kwa madhara madogo zaidi? Sisi tungeongeza mawili: ina tarehe ya kukoma, na nani nje ya serikali atakagua utekelezaji?

Tuseme mgombea anataka kuzima intaneti wakati wa vurugu. Anayesema "kwa eneo husika, kwa saa 24, kwa idhini ya jaji" amekubali kuwa anagusa haki na anaomba kibali. Anayesema "hadi hali itakapotulia" hajaweka mpaka wowote, na mwenye kuamua hali imetulia ni yeye mwenyewe. Wote wawili wamesema usalama. Kwa upande wa misingi, ni wagombea wa aina mbili tofauti.

Mimi na mume wangu tumetumia misingi ileile tukapata wagombea tofauti. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Linganisheni karatasi zenu safu kwa safu. Mkikuta mmeandika "ametimiza" na "amevunja" kwa swali moja, mmoja wenu ana ushahidi ambao mwenzake hajauona, onyeshaneni. Mkikuta ushahidi ni uleule ila mmetofautiana juu ya msingi upi hauvukwi, hapo mmefika kwenye uamuzi wa dhamiri, na kila mmoja apige kura yake. Kura ya siri ipo hata ndani ya nyumba moja.

Nimewapima wote. Hakuna aliyefaulu. Nibaki nyumbani?

Kwanza hakikisha hukuweka misingi mingi mno isiyovukwa. Ukiwa na minne, karibu kila binadamu ataanguka. Irudishe kuwa mmoja, ule ambao ukivunjwa mingine yote haiwezi kudaiwa tena. Kwa maoni yetu, mara nyingi huo ni ule unaohakikisha kuwa utapata nafasi ya kumwondoa kiongozi: uchaguzi wa kweli, ukomo wa muda, mahakama huru. Kiongozi dhaifu kwenye uchumi anaweza kuondolewa baada ya muhula mmoja. Aliyeua njia ya kumwondoa hatakuruhusu urekebishe kosa lako.

Halafu tazama nafasi za chini. Raia hukata tamaa kwa sababu ya urais akaacha na kura ya diwani na mbunge, ambako tofauti ya kura ni ndogo na ambako bajeti hukaguliwa. Ikiwa bado huwezi kumchagua yeyote kwa nafasi fulani, uliza tume ya uchaguzi ya nchi yako: kuna nchi, kama India tangu 2013, zinazompa mpiga kura chaguo la "hakuna hata mmoja kati yao". Kwingine karatasi isiyotiwa alama huhesabiwa tu pamoja na zilizoharibika, na hakuna atakayejua ulikuwa unapinga nini.

Tunaitiwa kura ya maoni ya kubadilisha katiba. Hakuna mgombea hapo. Njia yenu inafanya kazi?

Inafanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa ushahidi wote uko kwenye karatasi. Weka maandishi ya sasa na yanayopendekezwa sambamba. Usisome muhtasari wa upande wowote kabla ya kufanya hivyo. Kwa kila badiliko jibu: mamlaka yanatoka kwa nani, yanakwenda kwa nani, na nani alikuwa akiyakagua ambaye sasa hatayakagua? Kisha mfikirie mwanasiasa unayemwogopa kuliko wote, umkabidhi mamlaka hayo mapya kichwani mwako. Ukisita, umepata jibu, kwa sababu katiba haimtumikii anayeiandika peke yake.

Jihadhari na furushi: badiliko moja linalopendwa na wengi likifungwa pamoja na mengine matano, yote yakidai ndiyo moja. Lisome furushi kwa kipengele chake kibaya kuliko vyote, maana ukisema ndiyo unakipokea nacho.

Usitegemee kwamba mahakama itazuia. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, kuwa bunge haliwezi kuvunja muundo wa msingi wa katiba. Mahakama ya Juu ya Kenya, tarehe 31 Machi 2022, ilikataa kuwa kanuni hiyo inatumika Kenya, ingawa ilisimamisha mpango wa mabadiliko uliokuwa mbele yake kwa sababu rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyotengewa wananchi. Nchi mbili, majibu mawili. Mahali ambapo mahakama haina kufuli hilo, kura ya maoni ndiyo kufuli.

Baada ya uchaguzi ile karatasi niitupe?

Itunze. Andika juu yake jina la aliyeshinda kila nafasi, hata kama hukumchagua, na uweke tarehe tatu za kuirudia: siku bajeti yake ya kwanza inaposomwa, siku ripoti ya ukaguzi ya mwaka wake wa kwanza kamili inapotoka, na siku yoyote muswada wa kugusa katiba au sheria ya uchaguzi unapofika mezani. Jaza majibu kwa kalamu ya rangi nyingine, na tarehe pembeni. Uchaguzi ujao usianze na karatasi tupu: nakili maswali, hamisha ushahidi, na pale palipoandikwa "hakuna ushahidi" sasa patakuwa na jibu.